Kupe wa Masikio katika Miteremko ya Gashonga: Suala la Jina na Mahali

Mwishoni mwa miaka ya 1890, Robert Koch aliona vimelea vidogo mno katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam, akavidhania kuwa hatua mojawapo ya vimelea vya ugonjwa wa kukojoa damu. Kumbe vilikuwa vya ndigana kali. Kosa hilo lilidhihirika baada ya ugonjwa huo kuangamiza mifugo kusini mwa Afrika kuanzia 1902. Mwaka 1904 Charles Lounsbury alithibitisha huko Afrika Kusini kwamba mwenezaji wake ni kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, ambaye Neumann alikuwa amempa jina la Rhipicephalus appendiculatus mwaka 1901 tu.

Kumtambua kupe huyu si kazi nyepesi. Dume aliyeshiba huchomoza kijimkia nyuma, na ndiko lilikotoka jina lake. Lakini dume mwenye njaa hana alama hiyo, na tunutu humchanganya hata mtaalamu. Elbl na Anastos walipochapisha mwaka 1966, huko Tervuren, juzuu zao nne kuhusu kupe wa Afrika ya Kati, Rwanda ikiwemo, Rhipicephalus zambeziensis alikuwa bado hajatenganishwa naye. Hilo lilifanyika mwaka 1981. Rekodi za kabla ya hapo zinahitaji kusomwa upya pamoja na vielelezo vyenyewe, si orodha peke yake.

Mahali nako kuna utata wake. Gashonga, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu na sasa ni tarafa ya wilaya ya Rusizi, imo katika eneo la miinuko inayobadilika ghafla. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, bonde la Bugarama liko chini ya mita 1,000 hivi, na milima ya Nyungwe upande wa mashariki hupita mita 2,000. Kupe huyu hupenda joto na unyevu. Baridi ya juu huchelewesha mayai yake na kupunguza vizazi vyake kwa mwaka. Kielelezo chenye neno “Cyangugu” peke yake, basi, chaweza kuwa cha mojawapo ya mazingira hayo yote.

Mwaka 2006, mkoa huo ulipofutwa, ndio pia mwaka ulioanzishwa mpango wa Girinka wa kuzigawia familia maskini ng'ombe. Palipo na kupe mwaka mzima, ndama huambukizwa mapema na wanaonusurika hupata kinga. Ng'ombe aliyekulia kwenye baridi akiteremshwa bondeni hana kinga hiyo; na anayepandishwa kutoka bondeni huweza kubeba kupe masikioni. Jina la wilaya halimwambii afisa mifugo lolote kuhusu hatari hiyo. Anachohitaji kuandikiwa ni mwinuko, mwezi, hatua ya ukuaji wa kupe, na kama mnyama alizaliwa hapo au aliletwa.