Mkono Mmoja Haulei Mwana: Safari ya Kijiji na Zahanati

Leo hatutaanza na dawa wala chanjo. Tutarudi nyuma kidogo katika historia ya nchi yetu ya Kenya, tuone jinsi wanakijiji na wahudumu wa afya walivyojifunza kufanya kazi pamoja ili mama ajifungue salama na mtoto aishi. Uwe ni mama, nyanya, shangazi au baba anayelea, historia hii inakuhusu.

Hebu fikiria mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane. Mume wake yuko mjini kazini. Mama mkwe anasema tungoje kupambazuke. Kukipambazuka, damu imeanza kutoka, lakini hakuna gari na pesa za nauli hazijapatikana. Wanapofika hospitalini wanaambiwa daktari wa upasuaji ameitwa na damu ya kuongezewa inatafutwa.

Je, mama huyu akifariki, tutasema ameuawa na nini? Mwaka wa 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba mama hucheleweshwa mara tatu. Kwanza, huchelewa nyumbani kuamua kwenda hospitali. Pili, huchelewa njiani. Tatu, huchelewa kuhudumiwa akishafika. Ukitazama vizuri, msikilizaji, utaona kwamba daktari peke yake hawezi kuondoa ucheleweshaji wote huo. Ule wa kwanza uko mikononi mwa jamaa. Wa pili uko mikononi mwa kijiji. Wa tatu ni wa hospitali na serikali, ingawa hata hapo wananchi wana sauti. Ndiyo maana wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Sasa tuanze safari yetu.

Kabla ya hospitali kuenea, mama alizalishwa na mkunga wa jadi. Kule Nyanza anaitwa nyamrerwa. Mkunga alikuwa mtu wa nyumbani. Alimjua mama, alimkanda mgongo, alimpikia uji, na malipo yake yangeweza kuwa kuku au kitenge. Uzazi ulipokuwa wa kawaida, mambo yalienda vizuri. Lakini damu ilipotoka kwa wingi, au kifafa cha mimba kilipomshika mama, au mtoto alipolala vibaya tumboni, mkunga hakuwa na la kufanya.

Baada ya uhuru mwaka wa 1963, wananchi walijenga zahanati na vituo vya afya vingi kwa harambee. Walibeba mawe, wakachanga shilingi, wakauza mbuzi. Mwaka wa 1965 serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa wagonjwa wasiolazwa tangu ukoloni. Kwa hiyo majengo yaliongezeka na ada ikaondoka. Hata hivyo akina mama wengi waliendelea kujifungulia nyumbani. Zahanati nyingi zilikuwa mbali, na mara nyingi hakuna aliyewauliza akina mama wanataka kuhudumiwa vipi.

Katika miaka ya 1970, huko Kakamega, daktari mmoja Mkenya, Miriam Were, alijaribu njia nyingine. Badala ya kungoja wagonjwa hospitalini, alikwenda vijijini na kuzungumza na wenyeji. Wanavijiji walichagua wenyewe watu wa kufunzwa mambo ya afya: kuchimba vyoo, kulinda chemchemi za maji, kufuatilia chanjo za watoto na kuwatembelea waja wazito. Wale waliochaguliwa walikuwa majirani, si wageni. Kisha huko Saradidi, eneo la Asembo, wilaya ya Siaya, daktari Dan Kaseje na wenyeji walianzisha mpango kama huo. Wahudumu wa kijiji walitoa dawa ya malaria mlangoni, bila mgonjwa kutembea maili nyingi. Mwaka wa 1978 mataifa yalikutana mjini Alma-Ata na kukubaliana kuwa afya ya msingi lazima ishirikishe jamii yenyewe. Huko Kakamega kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza.

Mwezi wa Februari mwaka wa 1987, jiji la Nairobi lilipokea wageni kutoka pande zote za dunia. Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu walikuwa wameitisha mkutano kuhusu uzazi salama. Wakati huo ilikisiwa kuwa wanawake nusu milioni walikuwa wakifa kila mwaka duniani kwa sababu ya mimba na kuzaa. Mkutano ukaweka lengo: vifo hivyo vipunguzwe kwa nusu ifikapo mwaka wa 2000. Kampeni ya uzazi salama ya dunia nzima ilizaliwa hapa kwetu.

Lakini, msikilizaji, mwaka wa 2000 ulifika na lengo halikufikiwa. Kwa nini?

Sababu zilikuwa nyingi. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1989 serikali ilirudisha ada hospitalini kwa jina la kugawana gharama. Ukimwi ulienea. Malaria ilizidi kuwa sugu kwa dawa iliyozoeleka. Umaskini uliongezeka. Wakunga wa jadi walikuwa wamefunzwa usafi na kupewa vifaa, lakini mara nyingi hapakuwa na daraja kati yao na hospitali. Mkunga aliyefunzwa vizuri bado hakuweza kumwongeza mama damu. Mwaka wa 1993 akina mama 44 katika kila 100 walijifungulia katika kituo cha afya. Mwaka wa 2003 walikuwa 40. Tulirudi nyuma. Vifo vya watoto wasiofika miaka mitano navyo viliongezeka, kutoka 96 kwa kila watoto 1,000 mwaka wa 1993 hadi 115 mwaka wa 2003. Nyuma ya kila tarakimu hizo kulikuwa na nyumba yenye matanga.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kubadilika, hatua kwa hatua.

Mwaka wa 2006 serikali, ikisaidiwa na Ujerumani, ilianzisha vocha za uzazi katika wilaya za Kisumu, Kitui na Kiambu, na katika mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi. Mama asiyejiweza alinunua vocha kwa shilingi 200. Kwa vocha hiyo alihudumiwa kliniki, akajifungua hospitalini, hata kwa upasuaji ikihitajika, bila kulipa zaidi. Mwaka uliofuata, 2007, ada ya kujifungua iliondolewa katika zahanati na vituo vya afya vya serikali.

Mwaka huo huo wa 2006 wizara ya afya ilitangaza mpango wa afya ya jamii. Watu 5,000 waliwekwa katika kikundi kimoja cha afya. Kila mhudumu wa kujitolea alipewa nyumba 20 za kutembelea. Yale yaliyojaribiwa Kakamega na Saradidi sasa yakawa mpango wa taifa. Kamati ya wanakijiji ilichaguliwa, na ubao mkubwa ukawekwa mahali ambapo watu wote wangeuona. Kwenye ubao huo waliandika kwa chaki: waja wazito wangapi, waliojifungulia nyumbani wangapi, watoto waliokosa chanjo wangapi, waliofariki wangapi. Kisha katika siku ya mazungumzo watu walikaa na kuulizana: Huyu mama alifariki kwa nini? Tungefanya nini?

Usidharau ubao huo. Zamani kifo cha mama kilisemwa ni mapenzi ya Mungu, kikazikwa na kusahauliwa. Kifo kilipoandikwa mbele ya watu, kilikuwa jambo la kijiji kizima. Ndipo vikundi vya akina mama vikaanza kuweka akiba ya nauli ya dharura. Waendesha bodaboda wakaacha namba zao za simu. Mahali pengine wakunga wa jadi walikubali kazi mpya: hawazalishi tena, bali wanamsindikiza mama hadi zahanati na kukaa naye. Mkunga hakufukuzwa. Heshima yake ilibaki, na mama alipata mtu anayemjua karibu na kitanda chake.

Tarehe 1 Juni 2013 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kuwa kujifungua ni bure katika hospitali zote za serikali. Baadaye mpango huo uliitwa Linda Mama. Mwaka wa 2014 mama 61 kati ya 100 walijifungulia katika kituo cha afya. Mwaka wa 2022 walikuwa 82. Katika miaka isiyofika 20 tulipanda kutoka 40 hadi 82.

Na watoto je? Mwaka wa 2003, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa, 77 walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mwaka wa 2022 walikuwa 32. Tuchukue jambo moja tu, kunyonyesha. Mwaka wa 2003 watoto 13 tu kati ya 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Wengine walipewa maji, uji mwepesi au maziwa ya ng'ombe mapema mno. Mwaka wa 2014 walionyonya pekee walifika 61. Wauguzi walifunzwa, vikundi vya akina mama vilikutana vijijini, na mwaka wa 2012 bunge likapitisha sheria ya kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo. Nyanya nao walisikilizwa. Mara nyingi nyanya ndiye aliyesema mtoto ana kiu apewe maji. Nyanya alipoelewa, mama alipata nafasi ya kunyonyesha.

Mpenzi msikilizaji, nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kazi haijaisha. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kuwa akina mama 355 walikuwa wakifariki kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Watoto wachanga wanaofariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja wamepungua polepole sana, kutoka 33 kwa kila 1,000 mwaka wa 2003 hadi 21 mwaka wa 2022. Maana yake ni kwamba mama wengi sasa wanafika hospitalini, lakini si wote wanaopata huduma inayofaa wakishafika. Ule ucheleweshaji wa tatu bado unatusumbua. Mama akisubiri bila kuangaliwa, au akitukanwa kitandani, atarudi nyumbani na kuwaambia jirani zake wasiende. Hapo kazi ya miaka mingi inabomoka.

Lakini hata hapa ushirikiano unasaidia. Adui mkubwa wa mama baada ya kujifungua ni kutokwa na damu nyingi. Utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na kutangazwa mwaka wa 2023, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo uliowekwa chini ya mama. Muuguzi aliona mara moja kiasi cha damu kilichotoka, akaanza matibabu yote kwa pamoja bila kungoja. Visa vya kutokwa na damu kupita kiasi vilipungua kwa asilimia 60. Hiyo ni kazi ya hospitali. Kazi ya kijiji ni kuchangia damu kabla haijahitajika, na kamati ya zahanati kuuliza bila woga: dawa za kuzuia damu zipo? Muuguzi wa usiku yupo?

Mwaka wa 2023 serikali iliwapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, na sheria mpya ya afya ya msingi ikawatambua rasmi. Huenda mmoja wao anaishi karibu nawe. Mjue kwa jina. Na kwa kuwa bima ya NHIF ilibadilishwa na SHA mwezi wa Oktoba mwaka wa 2024, jisajili mapema na uulize zahanati yako unachostahili kupata, usingoje uchungu uanze.

Mambo ya kukumbuka

Mama mjamzito aanze kliniki mapema, mara tu anapojua ana mimba. Jamaa wapange mapema: atajifungulia wapi, ataenda na nani, kwa gari gani, na nani atabaki na watoto.

Kimbia hospitali mara moja mama akitokwa na damu, akiumwa kichwa sana na kuona giza, akivimba uso na mikono, akipata degedege au homa kali, maji yakivunjika kabla ya uchungu, au mtoto akiacha kucheza tumboni.

Mtoto mchanga apelekwe hospitali mara moja akikataa kunyonya, akipumua kwa haraka, akiwa na joto jingi au baridi isiyo ya kawaida, akipata degedege, au kitovu kikitoa usaha.

Mtoto anyonyeshwe ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na apewe maziwa ya mama pekee hadi miezi sita.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mama akishikwa na uchungu usiku, ni nani anayeamua aende hospitali? Mtu huyo asipokuwepo, nani mwingine anaweza kuamua?

2. Kikundi chetu kina akiba ya nauli ya dharura? Nani anaiweka, na inapatikana saa ngapi?

3. Mara ya mwisho mama au mtoto alipofariki hapa kwetu, tuliketi tukaulizana sababu?

Anza na swali la tatu, mpenzi msikilizaji, hata kama ni gumu. Kakamega na Saradidi walianza kwa kuketi na kuzungumza. Hadi tutakapokutana tena, nakutakia afya njema wewe na wote unaowalea.