Kisiki cha Daudi na Shaba ya Wanyamwezi

Tuanzie nyumbani. Ukifika Itetemia, karibu na mji wa Tabora, uko kwenye makao ya kale ya watemi wa Unyanyembe. Karne ya 19 misafara ilipita nchi hii kwenda pwani na kurudi. Tukisimuliwa habari zake tunatajiwa pembe za ndovu na watumwa, shaba inasahaulika. Kumbe wafanyabiashara wa Kinyamwezi walikuwa wakitembea mpaka Katanga kuifuata! Msiri, mtu wa Usumbwa, alihamia huko moja kwa moja, akaweka makao yake Bunkeya na kuwa mtawala.

Shaba ina siri gani? Tuipime kwa sanamu moja iliyoko mbali sana na Tabora.

Kati ya 1501 na 1504, mjini Florence, Italia, Michelangelo alichonga sanamu ya Daudi kwa marumaru. Ni yule Daudi aliyemuua Goliathi, anayefahamika kwa Wakristo na Waislamu. Ina urefu wa mita 5.17. Sasa chungulia nyuma ya mguu wa kulia: kuna kisiki cha mti. Kwenye Biblia kisiki hicho hakimo. Kimefuata nini pale?

Jibu ni fizikia. Jiwe ni hodari ukiligandamiza, lakini ukilivuta au kulipinda, linakatika. Tani zaidi ya tano kusimama juu ya vifundo viwili vyembamba ni hatari, kwa hiyo kisiki kinasaidia kubeba. Hata hivyo, watafiti wa Italia walitangaza mwaka 2014 kwamba nyufa ndogo ndogo zipo kwenye kifundo cha kushoto na kwenye kisiki chenyewe.

Katika karne ya 19, fundi Clemente Papi alitengeneza nakala ya Daudi kwa bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Leo inasimama nje, juu ya kilima, kwenye uwanja wa Piazzale Michelangelo. Bronzi inastahimili kuvutwa, tena sanamu zake humiminwa zikiwa na uwazi ndani, hivyo ni nyepesi kuliko jiwe zima. Daudi huyu angeweza kusimama bila mkongojo. Lakini mtazame: kisiki kipo vilevile! Umbo lake lilichukuliwa kwenye jiwe, na udhaifu wa jiwe ukaja nalo.

Mafundi wa Kiyeke, watu wa Msiri, hawakuwa na jiwe la kuiga. Waliivuta shaba kupitia matundu ya chuma, tundu dogo baada ya kubwa, mpaka ikawa waya mwembamba kama uzi, kisha wakauzungusha kwenye nyuzi au nywele kutengeneza bangili. Jiwe huwezi kulifanyia hivyo. Walikuwa wameijua tabia ya shaba kwa mikono yao.

Ndiyo maana nina ombi. Daudi wa bronzi akiyeyushwa leo, anaweza kumiminwa upya, kwa sababu wa marumaru yupo. Bangili ya bibi ikiuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, inalipwa kwa uzito tu, na umbo lake halina nakala popote. Kabla hujaiuza, basi, ipige picha, muulize bibi aliipata wapi, na andika anachokuambia.