Ganda la Kompyuta na Maswali Yasiyozeeka

Kuna maswali ambayo kila kizazi cha waandishi wa programu huyauliza upya. Kwa nini skripti yangu imehamia folda nyingine, lakini inapomaliza kazi najikuta palepale nilipoanzia? Kwa nini faili linaloitwa "ripoti ya mwaka" linahesabiwa kuwa mafaili matatu? Kwa nini x=5 inakubalika, ila nikiacha nafasi kila upande wa alama ya usawa naambiwa hakuna amri iitwayo x? Kwa nini if hufungwa kwa fi na case kwa esac, halafu do ikafungwa kwa done? Jibu ambalo wanafunzi wengi hupewa ni moja: ndivyo ilivyo, kariri uendelee. Jibu hilo linawanyima kitu kikubwa. Kila swali kati ya haya lina jibu lenye mahali na wakati, na karibu yote yanatuelekeza kwenye maabara moja ya Marekani kati ya 1969 na 1979. Anayejua kilichotokea humo hahitaji kukariri, kwa kuwa ataona kwamba ganda la amri halikubuniwa kama lugha. Lilianza kama njia ya mtu kuituma mashine, na sarufi ikaota juu yake baadaye, kipande kwa kipande.

Neno "ganda" nimelichagua kwa makusudi. Mafundi wengi husema sheli, lakini masikioni mwa watu wengi sheli ni kituo cha mafuta, na ganda linabeba maana ya asili vizuri zaidi. Mfumo endeshi una kiini kinachotawala kumbukumbu, diski na vifaa, na nje ya kiini hicho kuna ganda, sehemu ambayo mkono wa mtumiaji hugusa. Aliyeleta neno hilo kwenye kompyuta ni Mfaransa Louis Pouzin. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa katika chuo cha MIT, aliandika programu iitwayo RUNCOM, iliyosoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine badala ya mtu kuzichapa kila mara. Mfumo endeshi wa Multics ulipoanza kupangwa, Pouzin alipendekeza kwamba kisomaji cha amri kiwe programu inayojitegemea, akakiita ganda. Yeye akarejea Ufaransa, na mwaka 1965 Glenda Schroeder wa MIT ndiye aliyeandika ganda la kwanza la Multics. Herufi rc zilizo mwishoni mwa jina la faili .bashrc, ambalo watumiaji wa Linux hulihariri bila kujiuliza maana yake, ni mabaki ya RUNCOM.

Maswali yetu yanaanza hasa mwaka 1969, maabara ya Bell Labs ilipojitoa katika mradi wa Multics na Ken Thompson akaanza kuandika mfumo wake mwenyewe, Unix, juu ya kompyuta ya PDP-7 ambayo hata wakati huo ilikuwa ya kizamani. Katika miezi ya mwanzo ganda la Unix lilifanya kazi kwa namna ambayo leo ingetushangaza. Lilipopokea amri lilijiondoa kwenye kumbukumbu, programu iliyoitwa ikakaa mahali pake, na programu hiyo ilipomaliza, ganda likapakiwa upya. Kwa mpangilio huo, amri ya kuhama folda ilikuwa programu ya kawaida kama nyingine zote. Kisha ukaja uamuzi wa kuruhusu mchakato mmoja uzae mwingine, kazi ambayo kwenye PDP-7 ilihitaji mistari 27 tu ya lugha ya asembli. Sasa ganda lilizaa mtoto, mtoto akaendesha amri, mzazi akasubiri. Mara amri ya kuhama folda ikaacha kufanya kazi. Dennis Ritchie, mwenzake Thompson, amelisimulia jambo hili katika historia yake ya Unix: waliusoma msimbo wao tena na tena wakitafuta kilichoharibika. Hakikuharibika chochote. Amri ilikuwa inahama kweli, ila aliyehama ni mtoto, na alipokufa, mzazi alikuwa bado yuko kwenye folda yake ya zamani. Dawa ikawa kuifanya amri hiyo itekelezwe na ganda lenyewe, na mpaka leo cd haiwezi kufanya kazi yake kama programu ya nje.

Mtu akilielewa tukio hilo moja, amejibiwa maswali matatu. Skripti inayohama folda haikuhamishi wewe kwa sababu imeendeshwa na mchakato mtoto. Kigeu unachokiweka ndani ya skripti hupotea ikimaliza, kwa sababu hiyohiyo. Kigeu kinachohesabu mistari ndani ya mzunguko ulioko upande wa kulia wa bomba, alama inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine, hubaki sifuri katika ganda liitwalo Bash, kwa sababu Bash kwa kawaida huuzalia mzunguko huo mtoto wake. Wapo wanaoita hili kasoro ya usanifu. Sikubaliani nao. Utengano huohuo ndio unaofanya skripti iliyoharibika isikuharibie teminali yako. Wagunduzi wenyewe walinaswa na mtego huu kabla yetu, na mwanafunzi anayenaswa leo anastahili kuambiwa hivyo.

Swali la x = 5 linatokana na udogo wa mashine. Kompyuta ya PDP-11 ambayo Unix ilihamia ilikuwa na kilobaiti 24 za kumbukumbu, 16 zikitumiwa na mfumo na 8 zikibaki kwa programu za watumiaji. Katika nafasi finyu hivyo ganda lisingeweza kubeba maarifa mengi. Hata if ilikuwa programu ya nje, na goto nayo ilikuwa programu ya nje: ilirusha mbele au kurudisha nyuma mahali pa kusomea katika faili la skripti, na ganda, ambalo lilishiriki nayo faili hilo, likajikuta linaendelea kusoma kutoka mstari mwingine. Upanuzi wa alama ya nyota ulifanywa na programu nyingine iliyoitwa glob, jina ambalo bado linatumika. Ganda lenyewe lilijua sarufi moja, ile ya mtu anayemtuma mwenzake: neno la kwanza ni amri, maneno yanayofuata ni mzigo wa amri hiyo, na kinachotenganisha maneno ni nafasi. Kwa sarufi hiyo, x = 5 ni amri iitwayo x inayopelekewa mizigo miwili. Ndivyo pia mabano ya mraba yanavyodai nafasi baada yake. Si alama ya uandishi, ni amri. Tafuta ndani ya /usr/bin kwenye kompyuta ya Linux na utakuta faili ambalo jina lake lote ni bano moja la mraba.

Mwaka 1979 Unix toleo la saba lilitoka na ganda jipya la Stephen Bourne, na hapo ndipo kutuma amri kulipokuwa kuandika programu. Bourne alikuwa ameshughulikia lugha ya Algol 68 katika chuo cha Cambridge, Uingereza, na Algol 68 hufunga miundo mingi kwa kuyageuza maneno yaliyoifungua: if kwa fi, case kwa esac. Aliipenda mno lugha hiyo hata akaandika ganda lake kwa C iliyovishwa maneno ya Algol, na msimbo huo ulichangia kuzaliwa, mwaka 1984, kwa shindano la kimataifa la kuandika msimbo wa C usiosomeka. Lakini kubwa alilolileta ni vigeu halisi pamoja na uwezo wa kuweka matokeo ya amri moja ndani ya nyingine. Kwa kuwa ganda lake halikuwa na orodha, kigeu kimoja kililazimika kubeba majina mengi yaliyotenganishwa kwa nafasi. Kwa hiyo ganda likimaliza kukifungua kigeu, hukikata tena penye nafasi, isipokuwa mwandishi amekizungushia alama za nukuu.

Huu ndio mzizi wa machozi mengi. Katika Unix ya wakati huo jina la faili halikuzidi herufi 14, na wenye mashine walikuwa mafundi waliozoea majina mafupi. Nafasi ndani ya jina iliruhusiwa lakini haikuwa desturi. Desturi tofauti ilikua kwingine, kwa watumiaji wa Macintosh tangu 1984 na wa Windows tangu 1995, ambao kwao faili lilikuwa kama bahasha unayoiandikia chochote. Mwaka 2001 Apple iliziunganisha jamii hizo mbili kwa kutoa Mac OS X, mfumo wenye asili ya Unix kwa watu wenye diski za majina marefu. Novemba mwaka huohuo programu ya kusakinisha iTunes 2 iliwafutia baadhi ya watumiaji mafaili yao, na Apple ikaiondoa haraka na kutoa nyingine. Ndani yake kulikuwa na skripti ya ganda iliyofuta toleo la zamani, na njia ya faili ndani ya skripti hiyo haikuzungushiwa alama za nukuu. Penye jina la diski lenye nafasi, amri ya kufuta ilipokea njia iliyokatwa. Mwenye kukariri kwamba "weka nukuu" anaweza kusahau siku moja. Anayejua kwa nini ganda hukata maneno huona hatari kila anapoandika alama ya dola, inayofungua kigeu.

Hapa pingamizi zito linakuja: kama asili ya kanuni hii ya kukata maneno ni uhaba wa miaka ya sabini, kwa nini tusiitupe badala ya kuisomea historia? Hoja hiyo ina haki yake, na walioiunga mkono kwanza ni watu wa Bell Labs wenyewe. Tom Duff aliandika huko ganda jipya, rc, lenye orodha halisi, ambalo halikikati kigeu baada ya kukifungua. Zsh, iliyoanzishwa na Paul Falstad mwaka 1990, nayo kwa kawaida haikati. Mwaka 2006 Microsoft ilitoa PowerShell, iliyoongozwa na Jeffrey Snover, ambayo bomba lake hupitisha vitu vyenye sifa na aina badala ya maandishi matupu. Kwa usafi wa fikra, PowerShell inalishinda ganda la Bourne, na sioni sababu ya kulificha hilo. Hata hivyo ganda la Bourne halikuondoka. Tangu mabomba yalipoingia Unix mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa msukumo wa Doug McIlroy aliyekuwa na wazo hilo kwenye karatasi tangu 1964, maandishi yamekuwa makubaliano pekee kati ya programu. Programu ya mwaka 1975 na ya mwaka huu huzungumza bila kujuana. Aidha, mwaka 1992 sarufi ya ganda iliandikwa katika kiwango cha POSIX, na kuanzia hapo kuirekebisha kukawa na maana ya kuvunja skripti za dunia nzima.

Ladha ndogo ya uvunjaji huo ilionekana Oktoba 2006. Bash, iliyoanzishwa na Brian Fox kwa ajili ya mradi wa GNU na kutolewa mwaka 1989, ilikuwa imeongeza mengi juu ya kiwango, na katika Linux nyingi jina sh lilielekezwa kwake. Ubuntu 6.10 ililielekeza jina hilo kwa dash, ganda dogo na jepesi zaidi lisilo na nyongeza hizo. Skripti zilizojitangaza kuwa za sh huku zikitumia mambo ya Bash, kama mabano ya mraba mawili mawili, zikaanza kukataa. Swali la kwa nini skripti inaenda kwenye mashine moja na kugoma kwenye nyingine bado linaulizwa, na jibu lake limo katika mstari wa kwanza wa skripti, unaotangaza ganda lake.

Wengine watasema yote haya ni kazi ya vyombo sasa. ShellCheck, iliyoandikwa na Vidar Holen, hukuonyesha kigeu kisicho na nukuu kabla hakijaleta madhara, na kila anayeandika skripti aitumie. Ila chombo hukagua skripti yako, hakikagui ganda lenyewe. Septemba 2014 Stéphane Chazelas aligundua kwamba Bash ilitekeleza amri zilizopenyezwa ndani ya vigeu vya mazingira, na seva zilizoelekea intaneti zikawa wazi. Tundu hilo lilikuwa limekaa humo tangu 1989, katika uwezo wa kupitisha kazi za ganda kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, ulioongezwa kabla tovuti hazijakuwepo. Kwa hiyo wanaofundisha somo hili katika vyuo vyetu wasianze na jedwali la alama maalumu. Waanze na siku ile cd ilipoacha kufanya kazi.

Limebaki swali la done. Algol 68 hufunga do kwa od, na kwa mtindo wake Bourne angefanya vivyo hivyo. Lakini jina od lilikuwa na mwenyewe tangu toleo la kwanza la Unix mwaka 1971: programu inayoonyesha yaliyomo ndani ya faili kwa tarakimu za msingi wa nane. Fungua teminali ya Linux, andika od na jina la faili lolote. Bado ipo, na inafanya kazi ileile.