Leonard Cheshire: Rubani Aliyeonya Kabla ya Kupiga

Tunaposomesha habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanafunzi hutuuliza: je, mtu aliyetupa mabomu kutoka angani aweza kuitwa shujaa? Swali hilo si la kupuuzwa, na maisha ya Mwingereza Leonard Cheshire yanatusaidia kulipima.

Cheshire alizaliwa mwaka 1917 mjini Chester, akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka 1939, vita vilipoanza, aliingia katika Jeshi la Anga. Mnamo Novemba 1940 ndege yake ilipigwa na mzinga juu ya Ujerumani, ikapasuka ubavu na kushika moto. Aliirudisha nyumbani, akatunukiwa nishani ya DSO.

Mwaka 1943 alikubali kushushwa cheo ili apate kuruka tena, akiongoza Kikosi cha 617. Siku hizo mabomu mengi ya usiku yaliangukia mbali na shabaha. Cheshire alishikilia kwamba kiongozi ashuke chini kabisa, aweke alama za moto juu ya shabaha yenyewe, ndipo wenzake wapige.

Usiku wa tarehe 8 Februari 1944 walitumwa Limoges, Ufaransa, kukivunja kiwanda kilichowaundia Wajerumani injini za ndege. Waliokuwa kazini walikuwa Wafaransa, wengi wao wanawake. Cheshire alipita karibu na mapaa mara kadhaa ili watu wapate kukimbia. Kisha akaweka alama, na kiwanda kikavunjwa. Kumwonya mfanyakazi ni kumzindua na mlinzi mwenye bunduki. Hatari hiyo aliipokea.

Septemba 1944 alipewa Victoria Cross, nishani ya Uingereza iliyo kuu kupita zote kwa ushujaa vitani. Hakuipata kwa tendo moja, bali kwa miaka ya kazi na safari 100 za vita.

Tarehe 9 Agosti 1945 alikuwa angani mbali na Nagasaki, mmoja wa Waingereza wawili waliotumwa kushuhudia bomu la atomu. Mwaka 1948, akiwa raia, alimchukua nyumbani kwake Hampshire mwanajeshi wa zamani aliyekuwa akifa kwa saratani, akamwuguza kwa mikono yake. Wagonjwa wengine wakafuata. Hivyo ndivyo yalivyoanza makao ya Cheshire ya watu wenye ulemavu, ambayo yalienea nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo.

Wako wasimuliao kwamba alifanya hayo kwa kutubia Nagasaki. Sivyo. Hadi alipofariki mwaka 1992 aliamini kuwa bomu lile lilivikomesha vita. Basi tusimvike toba ambayo hakuitamka. Wala tusiuhesabu wema wake kuwa malipo ya waliokufa, kwani maji yakimwagika hayazoleki.

Tuwajibu nini, basi, wanafunzi wetu? Tuwaambie kwamba nishani hushuhudia ujasiri tu. Ushujaa una sharti la pili: kumtambua binadamu aliye chini yako. Pale Limoges, Cheshire alimtambua. Kama alimtambua kila mara, hilo tuwaachie wanafunzi walijadili, nasi tusiwahi kuwafungia mjadala.