Ratili, Kilo na Soko la Burma
Soko la Burma, soko la nyama la Eastlands, Nairobi, lilipata jina lake kutokana na askari waliopigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, enzi ambayo nyama nchini Kenya ilipimwa kwa ratili za Kiingereza. Mwaka 1959 Uingereza, Marekani na nchi nyingine nne zilikubaliana kuwa ratili ni kilo 0.45359237, yaani sehemu 45,359,237 za mia za miligramu, namba witiri isiyogawanyika kwa 3, kwa kuwa jumla ya tarakimu zake ni 38, lakini inayogawanyika kwa 7 bila baki. Uteuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwani ratili ina vipimo vidogo 7,000 viitwavyo punje, hivyo punje moja ikawa miligramu 64.79891 kamili. Kenya huru ilihamia kilo, na leo wauzaji wa Burma, wakatao mbavu kwa shoka juu ya gogo, hupima robo na nusu kilo.