Neno la wiki: Mfuo

Mfuo ni alama ya mstari uliochimbika juu ya kitu. Neno hili linastahili nafasi katika vitabu vyetu vya fizikia.

Chukua CD, iinamishe kwenye mwanga: rangi za upinde wa mvua zinajitokeza, ingawa haikupakwa rangi yoyote. Zinaletwa na mfuo wa vishimo unaojizungusha, mizunguko yake ikiachana kwa maikromita 1.6, yaani 625 katika kila milimita. Kila mzunguko hutawanya mwanga. Mawimbi yanapokutana, mengine huimarishana, mengine hufutana. Mawimbi marefu ya rangi nyekundu huimarika kwenye pembe kubwa kuliko mafupi ya zambarau, ndipo rangi zinapotengana.

Mwaka 1821 Mjerumani Joseph von Fraunhofer alipanga nyaya nyembamba sambamba, akapima urefu wa mawimbi ya mwanga. Leo vioo vyenye mifuo vimo ndani ya spektromita: kwavyo mkemia hutambua metali iliyomo katika sampuli, na mwanaastronomia hutambua elementi zilizomo katika nyota.

Tukiviita “vioo vya mifuo”, mwanafunzi ataanza kuelewa kabla mwalimu hajashika chaki.