Makanisa Yaliyotufanya Majirani

Kabla ya kuwalaumu vijana kwa viti vitupu vya Jumapili, yafaa tukumbuke jinsi viti hivyo vilivyopata watu.

Wakati wa ukoloni, nchi hii ya Likuyani ilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu, na Mwafrika aliishi humo kama kibarua au skwota. Mwaka 1962 ulianza mpango wa kununua ekari milioni moja za walowezi ili Waafrika wapewe makazi, na mashamba ya huku yakagawanywa. Wazee wetu walitoka Maragoli, Bungoma na kwingineko. Kila mmoja alipata shamba, lakini ukoo wake aliuacha nyuma. Jirani alikuwa mgeni, na pengine hata lugha ya nyumbani ilikuwa mbali na yake.

Hata hivyo walikuja na imani. Marafiki walikuwa wamefika Kaimosi tangu mwaka 1902, na Wakatoliki Mukumu tangu mwaka 1906. Kwa hiyo watu wasiojuana walikutana katika sala moja. Waliosali pamoja ndio waliochimbiana makaburi, wakawapalilia wajane mahindi, wakawapatanisha waliogombania mipaka. Hapa kwetu kanisa lilishika mahali pa ukoo.

Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, makanisa yalifungwa nchini kote. Yalipofunguliwa Julai, ibada ilikuwa ya watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja. Waliopita miaka 58 na watoto wasiotimiza 13 walikatazwa kuingia. Basi msimulizi na msikilizaji wote wawili walibaki nje. Amri ile imekwisha, lakini si wote waliorudi. Wengine walizoea kusikiliza ibada katika redio na simu. Vijana wengine wako mijini, au wanaendesha bodaboda siku ya Jumapili.

Mahubiri ya redioni huweza kumfariji mgonjwa, lakini hayamletei maji. Asiyeonekana ibadani huweza kuugua juma zima pasipo mtu kuuliza habari zake. Hiyo ndiyo hasara yetu.

Wazee, tusiwangoje vijana mlangoni mwa kanisa. Twende nyumbani kwao, tuwaeleze ni nani waliomzika babu yao, ilhali ndugu zake walikuwa mbali.